Meza ya Fundi: vimiba, herufi zenye kivuli na kikombe kilichopasuka kabatini

Barua za mara hii karibu zote zinahusu panchi na dai. Niwatoe hofu wasomaji wapya: dai ninalolisema hapa si la mahakamani. Ni kile kipande cha chini chenye tundu au umbo, ambacho panchi, yaani kipande cha juu kinachosukumwa na mashine ya presi, hushukia ndani yake huku bati likiwa katikati. Karakana niliyokulia tulikuwa tukiulizana asubuhi, "Leo una madai mangapi?" na mgeni akisikia anadhani tuna kesi. Nimetengeneza na kunoa vitu hivi kwa miaka 31. Swali la kwanza hapa chini huletwa kila mwezi kwa maneno tofauti, kwa hiyo leo nalijibu kwa kirefu, tupumzike.

Shikamoo Mzee Fundi. Natoboa matundu ya milimita 12 kwenye bati la chuma laini lenye unene wa milimita 1. Kila tundu linatoka na vimiba, yaani ncha kali za chuma ukingoni, upande wa chini, vinakata vidole. Wiki hii nimenoa panchi mara tatu na hali ni ile ile. Je, chuma cha panchi ni kibovu? Dai langu lina tundu la milimita 13.
*Mchovu wa Kunoa*

Marahaba, Mchovu. Panchi yako haina kosa, na mara zote tatu umeipunguza urefu bure. Kosa umeliandika mwenyewe katika sentensi ya mwisho, tena kama jambo la kupita.

Watu hudhani panchi hukata bati kama wembe unavyokata karatasi. Sivyo. Panchi ikigusa bati, kwanza bati hubonyea na ukingo wa juu hujiviringa kidogo kuelekea shimoni. Halafu panchi huingia ikiusugua ukuta wa tundu mpaka unang'aa. Kisha, mara nyingi kabla panchi haijafika nusu ya unene, bati hushindwa kuvumilia. Ufa mmoja huanzia kwenye makali ya panchi, mwingine kwenye makali ya dai, zinakimbiliana, na kipande kinaachia kwa mkupuo. Ule mlio mkavu unaousikia kwenye presi ni wa kuvunjika. Sehemu kubwa ya unene wa bati lako haikukatwa hata kidogo.

Sasa, ili nyufa hizo mbili zikutane, panchi na dai lazima viachane kwa nafasi inayostahili. Kwa chuma laini, nafasi hiyo ni kati ya asilimia 5 na 10 ya unene wa bati, kwa kila upande. Kwako wewe ni milimita 0.05 hadi 0.1. Lakini toa 12 kwenye 13, gawanya kwa mbili, unapata 0.5, yaani nusu nzima ya unene! Hapo bati halipati pa kuvunjikia. Linaburutwa kuingia kwenye pengo mpaka linararuka, na vimiba vyako ndivyo nyuzi za mraruko. Chonga dai jipya la milimita 12.15 na uiache panchi ilivyo.

Kabla hujatupa dai la zamani, nifanyie jambo moja. Chukua kile kisahani kilichoanguka chini ya presi, ambacho kila siku unakifagia. Kishike kwa kibano, kitazame ubavuni kwa kioo cha kukuzia, chini ya taa. Utaona mikanda miwili imezunguka: mmoja unang'aa kama umepigwa msasa laini, mwingine ni wa kijivu, una chembechembe. Kwenye chuma laini, nafasi ikiwa nzuri, mkanda wa mng'ao huchukua kama theluthi moja ya unene. Kwenye kisahani chako natarajia uone uzi mwembamba tu wa mng'ao, ukingo ulioviringika, na kijivu kilicholala kama mlima uliomomonyoka. Ukiona mikanda miwili ya mng'ao na kijivu katikati yake, basi nafasi ni ndogo mno, na nyufa zilipishana badala ya kukutana. Mng'ao ukiwa mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili, usiguse vipimo. Panchi haiko katikati. Legeza bolti, toboa karatasi nyembamba, uone inakatika wapi safi na wapi imebaki na manyoya, kisha sogeza dai.

Na ikiwa mikanda iko sawa lakini vimiba bado vipo, hapo ndipo makali yamekufa. Vimiba vikiwa kwenye kisahani, butu ni panchi. Vikiwa kwenye tundu, butu ni dai. Nilifundishwa hivi siku ya pili kazini na aliyenifundisha hakuinua hata macho kutoka kwenye kazi yake. Ukinoa, saga uso wa panchi tu. Ukigusa ubavu umebadilisha nafasi, na utaniandikia tena.

Nataka washa (vile vipete bapa vya kuweka chini ya nati) za milimita 24 nje na 12 ndani, kwa bati la milimita 2. Hiyo nafasi unayoisema kila mara, niipunguze kwenye panchi au niiongeze kwenye dai?
*Mwanagenzi*

Vyote viwili, ila si mahali pamoja. Jiulize unachokihitaji ni kipi, kinachoanguka au kinachobaki. Kinachoanguka huchukua kipimo cha dai. Tundu linalobaki huchukua kipimo cha panchi. Kwa hiyo duara la nje la washa, dai lako liwe 24 kamili na panchi 23.7. Kwa tundu la ndani, panchi iwe 12 kamili na dai 12.3. Hiyo ni 0.15 kila upande, na kwa bati la milimita 2 inatosha.

Mimi niliwahi kugeuza. Panchi 24, dai 24.3, nikatoa vipande 600 kabla mkaguzi hajapita na geji yake. Hakunigombeza. Alichukua kipande kimoja akakitia kwenye mkufu wa funguo zake, na kila asubuhi kwa muda wa miezi alipita mezani kwangu akizichezesha.

Presi yangu ya mkono ni ya tani 5. Itatoboa tundu la milimita 25 kwenye chuma cha milimita 3?
*Mwenye Presi Ndogo*

Haitatoboa. Zidisha mzingo wa tundu kwa unene, kisha kwa uwezo wa chuma kustahimili kukatwa, ambao kwa chuma laini chukulia nyutoni 350 kwa kila milimita ya mraba. Mzingo ni 78.5, mara 3, mara 350, unapata kama nyutoni 82,400, yaani zaidi ya tani 8. Na bado hujahesabu nguvu ya kuichomoa panchi, maana bati huing'ang'ania.

Unaweza kuusaga uso wa panchi uwe na mteremko ili ianze upande mmoja na kumalizia mwingine, kama mkasi. Kilele cha nguvu kinaweza kushuka hadi karibu nusu. Utakuwa umefika tani 4 na ushei kwenye presi ya 5, na mimi singesimama karibu nayo. Mteremko uwe kwenye panchi kama unachokihitaji ni bati lenye tundu. Kama unakihitaji kisahani, uwe kwenye dai. Ukikosea, kazi yako ndiyo itakayopinda na taka itatoka imenyooka vizuri.

Nikikunja digrii 90, bati linarudi kuwa 92. Nifanyeje?
*Mkunjaji*

Kunja 88. Na siku utakayobadilisha bati, pima upya. Chuma kigumu hurudi zaidi.

Mzee Fundi, nina seti ya panchi za herufi, za kugonga kwa nyundo. Herufi zinatoka na kivuli, kama zimeandikwa mara mbili. Nimejaribu kugonga polepole mara nyingi ili nisikosee, ndiyo kwanza zinazidi kuharibika.
*Mwenye Jina Lenye Kivuli*

Hiyo polepole ndiyo adui yako. Kila pigo la nyundo huirusha panchi juu unywele mmoja, na ikirudi haikanyagi pale pale. Gonga mara moja, kwa nyundo yenye uzito wa kutosha. Kwa herufi za milimita 5 kwenye chuma laini mimi hushika ya kilo 1. Kipande kilale juu ya fuawe au bamba nene la chuma. Nikikuta mtu amekiweka juu ya meza ya mbao najua tayari barua yake itasemaje, maana mbao hunywa pigo na kisha hulirudisha.

Herufi ikitoka hafifu upande mmoja, usigonge kwa kubahatisha. Irudishe panchi taratibu ndani ya alama yake mpaka uisikie imekaa kwenye mfereji, iinamishe kidogo kuelekea upande hafifu, halafu pigo moja tena. Na vaa miwani. Ncha ya panchi hizo ni ngumu, mkia umeachwa laini makusudi ili usiruke vipande nyundo ikiupiga. Mkia ukianza kutanuka kama uyoga, usage.

Umeuliza pia, chini kabisa ya barua, kama unaweza kujichongea nembo yako. Unaweza. Ichonge kinyume, kama unavyoiona kwenye kioo, kwenye ncha ya feleji ambayo bado ni laini. Kuhusu kuikagua, kuna ujanja wa mafundi waliokuwa wakichonga herufi za matbaa, zama ambazo panchi ya feleji ilipigwa kwenye shaba nyekundu na alama ile ikawa kalibu ya kumiminia risasi. Walikuwa wakiishika ncha ya panchi juu ya mwali wa mshumaa mpaka inashika masizi, kisha wanaibonyeza kwenye karatasi laini. Wino hujaza vijitundu na kukudanganya; masizi hayajazi kitu. Nimefanya hivyo jikoni kwangu usiku na nikaona ukwaruzo ambao mchana, chini ya taa kubwa ya karakana, sikuuona. Ukiridhika, ndipo uipashe moto, uichovye, na kuipunguza ugumu wake kwa joto dogo hadi rangi ya nyasi kavu.

Presi yetu ina vitufe viwili, kimoja kila mkono, lazima vibonyezwe pamoja. Inatuchelewesha. Mwenzangu amekifunga kimoja kwa waya, sasa mkono wa kushoto unapanga bati huku wa kulia unabonyeza. Kazi imeongezeka sana. Je, kuna ubaya?
*Zamu ya Asubuhi*

Kidole changu cha shahada cha mkono wa kushoto ni kifupi kwa pingili moja, kwa hiyo usitegemee nikujibu kwa utulivu.

Presi ile ilikuwa ya kanyagio, ya zile zenye gurudumu kubwa la uzani linalozunguka siku nzima hata usipofanya kazi. Kisahani kilikuwa kimenasa. Niliondoa mguu kwenye kanyagio, nikahakikisha panchi iko juu, nikanyoosha mkono. Mguu wangu ulikuwa sakafuni, hilo naweza kuapa. Kilichokuwa kimechakaa ni kilachi, kile kinachounganisha gurudumu na panchi, ndani ya mashine, na presi ikashuka mara ya pili bila kuagizwa na mtu. Sikusikia maumivu. Nilisikia mlio uleule wa kila siku, ila ulikuwa mzito kidogo. Mwenzangu wa mashine ya pili ndiye aliyeona, akazima umeme, akanikalisha chini kabla sijajua kwa nini.

Vile vitufe viwili vimewekwa mbali makusudi, ili mikono yote miwili iwe na kazi mahali pengine panchi inaposhuka. Mwenzako hajaongeza kasi ya presi. Ameuondoa mkono mmoja mahali salama na kuuweka chini ya panchi. Kisahani kikinasa, zima mashine, subiri gurudumu lisimame kabisa, weka gogo la kuzuia chini ya kichwa cha presi, halafu ukitoe kwa ndoano au fimbo ya sumaku.

Fungua huo waya leo, usisubiri zamu yenu ya kesho.

Natengeneza vikombe kwa kuvuta shaba ya njano, si kwa kutoboa. Kisahani ni cha milimita 100, unene 0.8, kikombe ni cha kipenyo cha milimita 40. Ama kinatoka na makunyanzi mdomoni, ama kinapasuka chini, kwenye kona. Na kimoja kilichotoka kizima, nilikiweka kabatini, baada ya miezi michache nikakikuta kimepasuka chenyewe kwa urefu. Hakuna aliyekigusa. Nimeanza kuogopa.
*Mvuta Shaba*

Usiogope, nimefurahi kuipata barua yako. Kuvuta ndiyo kazi niliyoipenda kuliko zote.

Fikiria kinachotokea. Panchi inasukuma katikati, na ukingo wa kisahani unaburutwa kuelekea mdomo wa dai. Duara lenye mzingo mkubwa linalazimishwa kuwa dogo. Bati linabanwa lenyewe kwa lenyewe, na lisipozuiwa hujikunja kama pindo la nguo iliyokazwa kwa uzi. Ndiyo makunyanzi. Kwa hiyo tunalibana kwa pete juu yake. Tukibana mno, bati halitiririki, na panchi inaendelea kushuka. Mzigo wote unaangukia ukuta mwembamba karibu na kona ya chini. Ndiyo mpasuko. Wewe unaruka kutoka tatizo moja hadi la pili kwa kugeuza bolti za pete, lakini hata ungeipata bana ya katikati, usingefaulu. Gawanya 100 kwa 40: ni mara 2.5. Mvuto wa kwanza, shaba nzuri ikiwa laini, hufika mara 2 kwa taabu. Mimi hubaki kwenye 1.8.

Vuta mara tatu. Kutoka 100 hadi 56. Kisha 56 hadi 44. Kisha 44 hadi 40. Kati ya mvuto na mvuto kipashe moto ili shaba ilainike tena, maana kuvutwa kumeifanya ngumu; gizani uone wekundu hafifu tu, usizidishe. Ukizidisha, chembe za shaba hukua, na mvuto unaofuata utakupa kikombe chenye ngozi ya chungwa. Mdomo wa dai uwe na mviringo wa milimita 4 hadi 6, uung'arishe mpaka ujione. Paka mafuta upande wa dai na upande wa pete. Chini ya pua ya panchi usipake: pale unataka shaba ishike, isiteleze. Nimeona watu wakilichovya bati zima kwenye mafuta halafu wanashangaa kona inakonda.

Ukifika mwisho, kikombe chako kitakuwa na kina cha kama milimita 52, na mdomo wake utakuwa na masikio manne yaliyoinuka. Hilo si kosa lako. Bati lilipitishwa kwenye rola kiwandani, na tangu siku hiyo halinyooki sawa kila upande. Yakate.

Sasa kile cha kabatini. Ulikivuta, hukukipasha moto mara ya mwisho, kikabaki na mkazo ndani yake. Kisha kikakutana na amonia. Mtu hukosa usingizi akitafuta aliyekipiga, kumbe ni mvuke. Jeshi la Uingereza huko India liliyaona haya kwenye maganda ya risasi ya shaba: msimu wa mvua risasi zilihifadhiwa kwenye mazizi ya farasi, na kiangazi kikifika nyingi zilikutwa na nyufa. Ilichukua hadi mwaka 1921 kueleza wazi kwamba ni mkojo wa farasi uliotoa amonia, pamoja na mkazo uliobaki ndani ya shaba iliyovutwa. Kagua kabati lako. Mara nyingi huwa kuna chupa ya dawa ya kusafishia vioo. Na baada ya mvuto wa mwisho kipashe kikombe joto la digrii 250 hadi 300 kwa saa moja hivi. Mkazo utaondoka na ugumu wake utabaki.

Kwa nini pembeni mwa sarafu kuna vijino? Mwanangu ameniuliza nikakosa jibu.
*Baba Aliyekwama*

Sarafu zilipokuwa za dhahabu na fedha, wajanja walizipunguza ukingo kidogo kidogo, wakabaki na vumbi la thamani na bado wakailipa sarafu kwa bei yake. Ukingo wenye vijino haupunguziki bila kuonekana.

Mwambie pia namna vinavyopatikana, maana atauliza. Zamani dai la chini lilisimikwa kwenye fuawe, la juu likashikwa kwa mkono na kupigwa nyundo, na sarafu ikatanuka ilivyotaka. Ndiyo maana sarafu kongwe hazina duara kamili, na picha mara nyingi imeegemea upande. La juu, kwa kuwa ndilo lililopokea nyundo, liliisha mapema kuliko la chini. Mwaka 1788 Matthew Boulton alijenga karibu na Birmingham karakana ya presi za mvuke, na kazi hiyo ikaanza kufanywa kwa nguvu ya mvuke. Siku hizi kisahani hukaa ndani ya pete ya chuma iliyochongwa vijino kwa ndani. Madai mawili yanapokutana, chuma hakina pa kukimbilia ila kwenye pete, na picha ya mbele, picha ya nyuma na vijino vyote hutoka kwa pigo hilohilo moja.